Mabenchi ya nje Ziwa Mweru: mnunuzi analipia rangi au uimara?

Ukitembea katika nyumba za wageni na baa zinazotazama Ziwa Mweru, kuanzia Nchelenge hadi Kashikishi, suala la viti vya nje si la urembo tu. Ni suala la mtaji. Mwenye nyumba ya wageni anataka benchi litakalokaa kwenye jua na mvua kwa miaka mingi bila kumtia hasara. Seremala anataka bei itakayolipa mbao na jasho lake. Katikati yao kuna kiti cha plastiki ambacho ni rahisi kununua, rahisi kubeba na rahisi kuvunjika.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba soko la viti vya nje katika mwambao huu linapima kitu kisicho sahihi. Linapima rangi. Benchi la mbao likipauka mnunuzi huona limekwisha, wakati mara nyingi bado lina miaka kumi au zaidi mbele yake. Kosa hilo la kupima linamnyima seremala soko, linampa mnunuzi gharama ya kurudia, na linaacha mbao bora za Luapula na Katanga ziendelee kuvuka mipaka zikiwa magogo na mbao ghafi badala ya samani.

Jua la kimo cha mita 900

Kwanza tuangalie mazingira. Ziwa Mweru, ambalo upande wa Congo huitwa Moero, liko kwenye kimo cha zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari na takriban digrii 9 kusini mwa Ikweta. Maana yake ni kwamba jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari. Oktoba ndiyo kali zaidi kwa samani, kwa sababu ni mwisho wa kiangazi, mawingu ni machache na mbao zimekauka hadi kupasuka.

Baada ya hapo huja mvua. Mkoa wa Luapula uko katika ukanda wa Zambia unaopata mvua nyingi kuliko sehemu nyingine, zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Benchi lililokaushwa na jua kwa miezi sita hulowa kwa miezi sita mingine. Kuvimba na kusinyaa huko ndiko kunakolegeza viungo na kufungua nyufa ambazo maji huingilia. Ongeza mchwa, ambao Luapula hawana haja ya kutambulishwa.

Kwa hiyo kiti cha nje hapa kinapata mtihani mgumu kuliko kiti kama hicho kilichotengenezwa kwa ajili ya bustani za Ulaya. Maelezo ya kiwandani yanayosema kiti hudumu miaka kadhaa mara nyingi yameandikwa kwa jua la huko.

Kupauka si kuoza

Mbao hupoteza rangi kwa sababu mionzi ya jua isiyoonekana, yaani urujuanimno, huvunja lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti. Mvua huosha mabaki yake, na juu hubaki nyuzi za rangi ya kijivu. Ukungu mdogo mweusi huongeza madoa. Benchi lililokuwa la kahawia huwa la rangi ya majivu katika muda wa msimu mmoja au miwili.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaelezwi ni kwamba uharibifu huo hauingii ndani sana. Vipimo vya maabara za misitu za Marekani vinaonyesha kwamba mbao laini zilizoachwa nje bila rangi huliwa na hali ya hewa kiasi cha milimita 6 hivi kwa miaka 100, na mbao ngumu hupungua kidogo kuliko hizo. Hata tukisema jua la Mweru ni kali mara mbili au tatu, ubao wa unene wa milimita 30 hautamalizwa na jua katika uhai wa mnunuzi.

Kinachoua benchi ni kuoza, na kuoza kuna masharti yake. Fangasi wanaolisha mbao wanahitaji unyevu wa kudumu, kwa kawaida zaidi ya asilimia 20 ya uzito wa mbao kavu. Ndiyo maana benchi huanza kuoza miguuni linapogusa udongo, kwenye maungio yanayotunza maji, na chini ya vanishi iliyopasuka. Mahali penye kijivu kikavu mara nyingi ndipo pazima kabisa.

Msomaji anaweza kupima mwenyewe. Chukua kisu, chomeka ncha yake kwenye mguu wa benchi karibu na ardhi, kisha kwenye sehemu ya kukalia iliyopauka. Ncha ikizama kama kwenye muhogo uliopikwa, hapo pameoza. Ikigoma, rangi pekee ndiyo iliyoondoka, na msasa wa nusu siku unaweza kuirudisha.

Mbao ipi, sehemu ipi ya mti

Mti unaojulikana zaidi kwa kazi hii ni mninga, ambao Zambia biashara yake huitwa mukwa na Wabemba huuita mulombwa. Moyo wake hauozi haraka, mchwa hawaupendi, na husinyaa kidogo sana ukilinganisha na mbao nyingine, sifa ambayo kwa benchi ni muhimu kuliko ugumu. Mkongo, ambao kwa Kibemba ni mupapa na kwenye Pwani ya Kenya huitwa mbambakofi, ni mzito na wa kudumu zaidi, ingawa humchosha fundi na misumeno yake. Mtiki wa mashamba ya Tanzania, kama yale ya Longuza na Mtibwa, uko katika kundi hilo hilo la juu.

Misindano na mikaratusi ya mashamba ya Copperbelt ni habari nyingine. Msindano ni wa bei nafuu na hupatikana kwa wingi, lakini bila dawa huoza mapema ukikaa nje. Ukitiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki, ile inayoupa rangi ya kijani kibichi, hudumu miaka mingi. Hata hivyo, Marekani na Umoja wa Ulaya ziliondoa dawa hiyo katika matumizi mengi ya nyumbani kuanzia mwaka 2004 kwa sababu ya aseniki. Nguzo ya umeme haina tatizo. Benchi ambalo watoto wanakula juu yake ni jambo la kufikiria mara mbili.

Hapa pana mtego mmoja. Mninga una sehemu mbili: moyo wa rangi ya kahawia na gamba la ndani lenye rangi ya krimu iliyofifia. Sehemu hiyo nyeupe haina kinga yoyote. Fundi anayebana gharama huweka ubao mweupe chini ya kiti au upande wa ndani wa mguu, kisha hupaka vanishi ya rangi moja juu ya yote. Mnunuzi anapeleka nyumbani benchi aliloambiwa ni la mukwa, na miaka minne baadaye mguu unaporomoka. Hapo sifa ya mukwa wote inaharibika, na mnunuzi anarudi kwenye plastiki.

Vanishi yenyewe ni sehemu ya tatizo. Vanishi angavu hupitisha mwanga kama kioo. Jua huvunja lignini chini yake, vanishi hukosa cha kushika, hubanduka kama ngozi iliyoungua, na maji hunaswa ndani. Kinachozuia mwanga ni chembe za rangi. Oksidi ya chuma, ile nyekundu inayopakwa mabati na sakafu, ni miongoni mwa kinga nafuu na za kudumu zaidi. Mafuta yaliyochanganywa na chembe kidogo za rangi hiyo huingia ndani ya mbao, hayabanduki, na hurudiwa kwa kitambaa mara moja kwa mwaka bila kukwangua.

Plastiki, chuma na saruji

Viti vingi vya plastiki ni vya polipropilini. Bila viungo vya kuzuia jua, plastiki hiyo huvunjika haraka kuliko mbao: kwanza hutoa unga mweupe ukipitisha kidole, kisha hupasuka mgongoni au mguuni. Rangi ni kielelezo kizuri cha ubora. Nyeusi yenye kaboni na nyeupe yenye titani hustahimili. Nyekundu na bluu za bei rahisi hupauka mapema. Tofauti na mbao, plastiki iliyofikia hatua ya kutoa unga inakuwa imepoteza nguvu kweli, na hakuna msasa utakaoirudisha.

Chuma hupata kutu kwenye maungio yaliyochomelewa, hasa pale fundi anapopaka rangi bila kusafisha. Saruji haiozi wala haipauki sana, na wasomaji wa Lamu na Unguja wanajua kwamba baraza za mawe na chokaa zimekaliwa kwa vizazi. Lakini baraza haihamishiki, haiuzwi ng'ambo ya ziwa, na haimpi kazi seremala.

Hesabu ya mwaka

Tuweke hesabu ya mfano, ambayo tarakimu zake si bei za soko bali ni za kuonyesha hoja tu. Viti vitatu vya plastiki kwa kwacha 200 kila kimoja ni kwacha 600, na tuseme vinadumu miaka 3. Hiyo ni kwacha 200 kwa mwaka. Benchi la mninga la watu watatu kwa kwacha 2,400 likidumu miaka 15 ni kwacha 160 kwa mwaka, na ukiongeza kwacha 30 za mafuta, jumla ni 190. Benchi linashinda, ingawa kwa tofauti ndogo.

Sasa weka riba. Riba za benki za biashara Zambia kwa miaka mingi zimekuwa juu ya asilimia 20. Kwa mkopo wa asilimia 25, malipo ya mwaka ya viti vya plastiki yanakuwa karibu kwacha 307. Ya benchi yanaruka hadi karibu 622, na pamoja na mafuta yanafika 652, zaidi ya mara mbili ya plastiki. Ili benchi lilingane na plastiki kwa riba hiyo, bei yake ingebidi ishuke hadi karibu kwacha 1,070.

Hesabu hii inaeleza jambo ambalo lawama za kawaida hazielezi. Mwenye baa wa Kashikishi anayenunua plastiki si mjinga wala hadharau kazi ya fundi wa kwao. Pesa yake ni ghali. Anayekopa kwa asilimia 25 hawezi kulipia leo uimara atakaoufaidi mwaka wa kumi na tano. Anayetumia akiba yake mwenyewe, au shule na kanisa lenye fedha ya msaada, wana kila sababu ya kununua benchi.

Na hesabu inaonyesha jambo la pili. Benchi lenye mguu wa mbao nyeupe likifa mwaka wa tano, gharama yake ni kwacha 480 kwa mwaka hata bila riba. Kwa hiyo udanganyifu mdogo wa ubao mmoja unafuta faida yote ya mbao bora. Soko lisiloweza kutofautisha moyo na weupe litalipa bei ya weupe kwa vyote viwili.

Somo la mukula

Luapula imewahi kuuza rangi kwa bei kubwa, na matokeo yake yanajulikana. Mukula, ndugu wa karibu wa mninga, ulitafutwa na wanunuzi wa China kama mbadala wa miti myekundu ya samani za kifahari. Magogo yalikatwa Zambia na Katanga, marufuku zikawekwa na kuondolewa, na mwaka 2017 mamia ya malori yaliyobeba magogo kutoka Congo yalizuiwa ndani ya Zambia hadi ukawa mgogoro wa kidiplomasia. Mwaka 2019 mukula uliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini.

Wekundu wa miti ya jamii hii haukai juani. Paduku ya Afrika ya Kati, ndugu mwingine wa mninga, hujulikana kwa kugeuka kutoka nyekundu kali kuwa ya kahawia ikikaa kwenye mwanga. Rangi iliyomaliza misitu ni rangi ya sebuleni. Kwa benchi la nje haina thamani, na mti uliobaki unafaa kuuzwa kwa sifa nyingine.

Mpakani: ubao una kibali, benchi je?

Hapa ndipo suala linapowagusa moja kwa moja wafanyabiashara wa ng'ambo ya ziwa. Novemba 2022, mkutano wa CITES uliofanyika Panama uliingiza miti yote ya Kiafrika ya jamii ya mninga, pamoja na ile ya mkongo na mkangazi, katika Kiambatisho cha Pili. Uamuzi ulianza kutumika Februari 2023. Lakini maelezo yaliyoambatana nao yanataja magogo, mbao zilizopasuliwa, mbao nyembamba za kubandika, plaiwudi na mbao zilizochongwa kingo. Samani zilizokamilika hazimo katika orodha hiyo.

Kwa lugha ya forodha, ubao wa mninga unaoingia kwenye boti kutoka Nchelenge kwenda Kilwa ya Congo uko chini ya namba 4407 na unahitaji kibali cha CITES. Benchi la mninga lililokamilika liko chini ya namba 9401.69, na maelezo ya mwaka 2022 hayaligusi. (Wasomaji wa Tanzania wasichanganye: Kilwa hii ni mji wa Katanga, si ile ya Lindi, na kuna kisiwa cha Kilwa katika ziwa hilo hilo ambacho ni cha Zambia.)

Je, benchi lililofunguliwa ili litoshe kwenye boti? Kanuni ya 2(a) ya tafsiri ya mfumo huo wa namba inasema kifaa kilichofunguliwa huhesabiwa kama kifaa kamili, alimradi vipande vyake vimeletwa pamoja. Mfanyabiashara afunge vipande vyote vya benchi moja katika mzigo mmoja, pamoja na skrubu zake na orodha yake. Akipeleka migongo leo na miguu wiki ijayo, ofisa ana haki ya kusema anaona mbao.

Hii haina maana kwamba samani ni njia ya kukwepa sheria. Sheria ya Misitu ya Zambia Na. 4 ya mwaka 2015 inataka leseni ya kuvuna na leseni ya kusafirisha mazao ya misitu, na ubao uliokatwa kinyemela haugeuki halali kwa kupigiwa randa. Kanuni za mwaka 2018 kuhusu misitu ya jamii zimefungua mlango kwa vijiji kusimamia na kuvuna misitu yao kisheria. Kwa fundi wa Nchelenge, kikundi cha jamii chenye makaratasi ni chanzo cha mbao chenye usalama kuliko lori la usiku.

Tahadhari ya soko la ng'ambo

Soko la Congo lina mvuto. Kilwa iko kilomita zipatazo 350 kutoka Lubumbashi, na mizigo mingi ni rahisi kuivusha ziwa kuliko kuisubiri barabarani wakati wa mvua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hata shaba ya mgodi wa Dikulushi ilivushwa kwa tishari kutoka Kilwa hadi Nchelenge, kisha ikaendelea kwa barabara.

Lakini mpaka huu una hasira zake. Agosti 2024 Zambia ilifunga kwa siku chache vituo vya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kufuatia mzozo wa vinywaji vilivyopigwa marufuku na Congo. Aidha, Congo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, jumuiya ambayo Zambia si mwanachama. Nchi hizo mbili zinakutana katika COMESA, wakati Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 na hukutana na Zambia katika SADC. Fundi anayetaka kuuza pande zote atahitaji cheti cha asili ya bidhaa kinacholingana na kila soko. Anayetegemea mnunuzi mmoja wa ng'ambo anajiweka katika hatari.

Nini kifanyike

Kwa mafundi, hatua ya kwanza ni kuuza benchi bila kuficha mbao. Benchi lisilopakwa vanishi, au lililopakwa mafuta yanayoonyesha nyuzi, humruhusu mnunuzi aone kama ni moyo mtupu. Atakayeandika kwenye risiti kwamba mguu ukioza ndani ya miaka mitano atautengeneza bure, na akatimiza, ataweza kudai bei ambayo jirani yake hawezi. Gharama ya ahadi hiyo ni ndogo kama mbao ni ya kweli.

Hatua ya pili ni kuuza kwa kufuata kalenda ya ziwa. Uvuvi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, na katika miezi hiyo fedha hukauka mwambao mzima. Fundi anaweza kutengeneza wakati huo na kupokea malipo kwa awamu baada ya Machi, samaki wanaporudi sokoni. Malipo ya awamu ni mkopo pia, lakini fundi anayemjua mteja wake anaweza kuutoa kwa bei nafuu kuliko benki. Julai, wageni wanapomiminika Mwansabombwe kwa sherehe za Mutomboko za Mwata Kazembe, nyumba za wageni zinahitaji viti vya kutosha, na huo ni muda mzuri wa kukamilisha oda.

Kwa wanunuzi, masharti ni machache: miguu ikae juu ya jiwe au saruji, si udongo; mbao za kukalia ziachiane nafasi ya unene wa kidole ili maji yapite; skrubu ziwe za zinki, kwa kuwa chuma kitupu huacha madoa meusi na kula mbao; na mafuta yarudiwe kila Septemba kabla ya jua la Oktoba. Benchi likipauka, tumieni kisu kabla ya kutoa hukumu.

Kwa halmashauri na shule zinazotangaza zabuni, kipengele kimoja tu kingebadilisha soko: taja jina la mti na uandike "moyo tupu, bila weupe" katika masharti ya zabuni, kisha kagua kabla ya rangi kupakwa. Taasisi hizi hazikopi kwa asilimia 25 kununua mabenchi, hivyo ndizo zenye uwezo wa kulipia uimara. Zikiendelea kununua kwa kuangalia mng'ao wa vanishi siku ya kupokea mzigo, seremala mwaminifu wa Nchelenge hatakuwa na sababu ya kukata mbao nyeupe na kuitupa.